Bwawa la umeme lililo juu yetu limezeeka na chini ya tuta panatota. Je, tuhame?

*"Tunaishi bondeni, kama kilomita tatu chini ya bwawa dogo la umeme lililojengwa zaidi ya miaka 90 iliyopita. Ni tuta la udongo lenye kimo cha kama mita 11, na upande mmoja lina sehemu ya zege yenye milango minne ya chuma. Mlango mmoja sijawahi kuuona ukifunguliwa. Miti imeota kwenye tuta, na chini yake kuna mahali panapotota hata wakati wa kiangazi. Mmiliki wa kwanza aliuza. Aliyenunua akazima mashine akisema umeme haulipi, lakini maji bado yamejaa. Tukiuliza tunaambiwa bwawa lilikaguliwa mwaka jana, ni dogo, na limestahimili mafuriko yote tangu enzi za babu zetu. Ofisi ya nishati inasema leseni ya kuzalisha umeme imekwisha, kwa hiyo haliwahusu tena. Ofisi ya maji inasema hilo ni bwawa la umeme. Je, kuna hatari ya kweli au tunajitisha bure? Tuhame?"*

Nianze na lile ulilolitaja karibu na mwisho, kwa sababu kwangu ndilo zito zaidi. Kwa maelezo peke yake siwezi kukuambia kwamba bwawa litabomoka, wala kwamba liko salama; mhandisi anayetoa hukumu hiyo bila kufika pale anabahatisha. Lakini ofisi mbili zinaporushiana bwawa lililojaa maji, hilo linanitia wasiwasi kuliko unyevu wenyewe. Unyevu hupimwa na kutibiwa. Bwawa ambalo hakuna mwenye mamlaka ya kuamuru maji yapunguzwe, na anayekubali kwamba anayo, halina wa kulitibu.

Kuzima mashine hakupunguzi hatari hata kidogo. Kinachosukuma tuta ni kina cha maji, na maji hayajui kama umeme unauzwa au la. Kwa kweli hatari inaweza kuongezeka, maana mashine zikizimwa pesa zinakatika, mlinzi aliyekuwa akizunguka tuta kila asubuhi anaondoka, na vyuma vya milango vinakosa grisi. Huko Toccoa, jimbo la Georgia nchini Marekani, kulikuwa na bwawa lililoitwa Kelly Barnes, lenye kimo kisichozidi sana hilo lenu. Lilizalisha umeme hadi 1957, kisha likaachwa kuwa ziwa la mapumziko. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1977 lilipasuka baada ya mvua kubwa na kuua watu 39 waliokuwa wamelala chini yake. Baada ya hapo Rais Jimmy Carter aliagiza mabwawa ya watu binafsi kote nchini yaanze kukaguliwa. Hebu fikiria: miaka 20 baada ya taa ya mwisho kuwashwa na umeme wake.

Sasa hoja mnazopewa, moja baada ya nyingine.

"Ni dogo." Udogo wa bwawa hausemi mengi kuhusu nguvu inayolisukuma. Kwenye kina cha mita 10, kila mita ya mraba inabeba mgandamizo wa kama tani 10, liwe ziwa la mita mia au la kilomita mia. Nguvu ya jumla nayo hukua kwa kasi kuliko kina: maji yakipanda kutoka mita 10 hadi 11, msukumo kwenye kila mita ya urefu wa ukuta unaongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Ukubwa wa ziwa una maana pale ukuta ukishavunjika, kwa sababu ndio unaoamua mafuriko yatafika wapi na yatadumu muda gani. Mko kilomita tatu tu chini yake. Kwa umbali huo, bwawa la mita 11 si dogo.

"Limestahimili mafuriko yote." Hapa nitakawia kidogo, maana ndiyo hoja inayopendwa kuliko zote na ndiyo dhaifu kuliko zote. Kinachothibitishwa ni kwamba tuta limevumilia kiwango cha juu kabisa ambacho maji yamewahi kufikia. Juu ya hapo hakuna ajuaye. Bwawa la Edenville katika jimbo la Michigan lilijengwa miaka ya 1920 kwa ajili ya umeme, likakaa karibu karne nzima. Mwaka 2018 Tume ya Shirikisho ya Udhibiti wa Nishati ya Marekani ilimnyang'anya mmiliki leseni, baada ya kumdai kwa zaidi ya miaka 10 aongeze uwezo wa kupitisha maji ya mafuriko bila yeye kutekeleza. Leseni ikaondoka, ziwa likabaki. Usimamizi ukahamia kwa serikali ya jimbo, ambako sheria ilitaka bwawa liweze kupitisha nusu tu ya mafuriko makubwa kabisa yanayokadiriwa, ilhali Tume ilikuwa ikidai yote. Tarehe 19 Mei 2020 tuta likabomoka, na maji yake yakalivunja bwawa la Sanford lililokuwa chini yake siku hiyohiyo. Watu kama 10,000 walihamishwa. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa waliondolewa mapema.

Nawaeleza haya si kwa sababu ya leseni tu. Uchunguzi huru uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba maji hayakuwahi kuvuka juu ya tuta. Sehemu iliyoanguka ilikuwa na mchanga ambao wajenzi wa miaka ya 1920 hawakuushindilia vya kutosha. Maji ya ziwa yalipopanda kuliko yalivyowahi kupanda, mchanga ule uliolowa ulipoteza nguvu kwa ghafla na kutiririka kama uji. Kwa miaka mingi mabishano yote yalikuwa kuhusu uwezo wa kupitisha mafuriko, na bwawa likaanguka kwa kasoro iliyojificha ndani ya tuta.

"Lilikaguliwa mwaka jana." Nani alikagua, na alikagua nini? Kuna ukaguzi wa kutembea juu ya tuta na kujaza fomu, na kuna tathmini ambayo mhandisi anafukua michoro ya zamani, anachimba kuchukua sampuli za udongo, anapiga hesabu upya za mafuriko kwa takwimu za mvua za leo, kisha anajiuliza bwawa hili linaweza kuanguka kwa njia zipi. Vyote viwili huitwa ukaguzi. Uingereza ina sheria ya mabwawa ya mwaka 1975 inayotaka mhandisi huru aliyeidhinishwa akague angalau kila baada ya miaka 10, na mwingine asimamie katikati ya vipindi hivyo. Ni mfumo mzuri. Hata hivyo bwawa la Toddbrook, juu ya mji wa Whaley Bridge, lilikuwa limekaguliwa mwaka uliotangulia wakati mabamba ya zege ya njia yake ya maji ya ziada yalipong'oka tarehe 1 Agosti 2019, na watu wapatao 1,500 wakatolewa majumbani. Sisemi ukaguzi hauna maana. Nasema mwombe ripoti yenyewe, msiridhike na neno "lilikaguliwa".

Kwenye ripoti hiyo mtakuta jambo moja linalowachanganya wengi. Mabwawa huwekwa kwenye madaraja ya athari, na daraja la juu halimaanishi kwamba bwawa ni bovu. Linamaanisha kwamba likivunjika watu watakufa. Hali ya bwawa lenyewe hupewa alama peke yake. Linaweza kuwa zima na liwe daraja la juu. Linaweza kuwa bovu na liwe daraja la chini kwa sababu chini yake kuna pori tupu. Shida ni kwamba madaraja hupangwa mara moja na kusahaulika, huku watu wakiendelea kujenga bondeni. Bwawa la Spencer huko Nebraska, la mwaka 1927 na la umeme kama lenu, liliwekwa daraja la kati ingawa chini yake palikuwa na makazi ya mtu. Machi 2019 mafuriko yaliyobeba mabonge ya barafu yalilibomoa, na mtu huyo akafa. Kwa hiyo ulizeni daraja la bwawa lenu lilipangwa lini, na nyumba ngapi zilikuwapo wakati huo.

Tuje kwenye unyevu. Hakuna tuta la udongo lisilopitisha maji kabisa. Yote huvuja kidogo, na mahali panapotota chini ya tuta si lazima pawe dalili ya balaa. La kujua ni kama maji yanayotoka yanabeba udongo. Maji yakipenya taratibu na kutoka yakiwa safi bila tope, tuta linapumua tu. Yakianza kung'oa chembechembe, yanajichimbia njia kutoka upande wa chini kurudi kwenye ziwa. Kadiri njia hiyo inavyokaribia ziwa ndivyo maji yanavyokimbia zaidi na kuchimba zaidi. Huo ndio mmomonyoko wa ndani, na pamoja na maji kupita juu ya tuta, ndio unaoongoza kwa kuua mabwawa ya udongo. Siku hizi tuta hujengwa na kichujio ndani yake, tabaka la mchanga na kokoto zilizochaguliwa ili maji yapite na udongo ubaki. Matuta mengi yaliyojengwa kabla ya katikati ya karne ya 20 hayana kitu hicho. La kwenu, kwa umri wake, huenda halina.

Pa kuangalia zaidi ni pale udongo unapokutana na zege, na popote bomba linapopita ndani ya tuta. Udongo haushikani vizuri na ukuta laini, na bomba la chuma la miaka 90 huoza kwa ndani bila kelele. Je, mahali penu panapotota pako karibu na sehemu ya zege? Hukusema. Kama ndivyo, barua yako ianze na jambo hilo.

Mnaweza kupima wenyewe, bila kukanyaga ardhi ya mtu na bila kupanda tuta. Kama maji yanakusanyika kwenye kijitaro kinachofikika, yakingeni kwenye ndoo na mhesabu sekunde hadi ijae. Jazeni chupa angavu, iacheni hadi kesho yake, mwangalie kama kuna tope lililotuama. Pigeni picha mahali palepale kila wiki, mkiandika tarehe, kiwango cha maji ziwani na kama mvua ilinyesha. Maji yanayoongezeka ziwa likipanda na kupungua likishuka yanaeleweka. Maji yanayoongezeka wakati ziwa limetulia hayaeleweki, na hapo mhandisi anatakiwa aje siku hizohizo. Daftari la miezi mitatu la namna hiyo lina nguvu mezani kuliko malalamiko ya miaka kumi.

Na tafadhali, asitokee mtu wa kujitolea kuziba panapotota kwa udongo wa mfinyanzi. Nimeona jamii zenye nia njema zikifanya hivyo. Ukiziba kwa mfinyanzi, maji hayakomi. Yanajaa ndani ya tuta, mgandamizo unapanda, nayo yanatafuta pengine pa kutokea. Tiba ya kweli ni kinyume chake: mchanga kwanza, kisha kokoto, kisha mawe mazito juu, ili maji yatoke na udongo uzuiwe. Vipimo vya mchanga huo hukokotolewa kulingana na udongo wa tuta, kwa hiyo si kazi ya kukisia.

Ule mlango ambao hujawahi kuuona ukifunguliwa ni jambo jingine zito. Mabwawa ya umeme ya zamani mara nyingi yalihesabiwa kana kwamba milango yote itafunguka na maji mengine yatapita kwenye mashine. Mashine zenu zimezimwa. Hata zisingezimwa, mafuriko makubwa kwa kawaida huangusha nyaya na kuzisimamisha. Kama mlango huo mmoja kati ya minne umekwama, robo ya milango haipo siku ya gharika, na magogo yanayoshuka na mto yanaweza kuziba mwingine. Tuta la udongo halikujengwa kupitiwa juu na maji. Yakishaanza kumwagika juu yake, yanalikata kwa muda mfupi. Mwulize mmiliki milango ilifunguliwa lini mara ya mwisho, yote, hadi mwisho, na umeme ukikatika inafunguliwaje. Kukiwa na mtambo wa dizeli, uliwashwa lini?

Kuhusu ofisi zinazorushiana, pahala pengi duniani utakuta sura ileile: leseni ya umeme hutolewa na mamlaka ya nishati, haki ya kutumia maji na usalama wa ukuta viko kwa mamlaka ya maji, na tahadhari iko kwa ofisi ya maafa. Leseni ikifa, faili hubaki limening'inia. Msiende kuuliza "nani anahusika", kwa sababu swali hilo hujibiwa kwa kuelekezwa kwingine. Andikeni barua moja kwa ofisi zote tatu, na nakala kwa mmiliki, mkiuliza: ni nani leo mwenye mamlaka ya kisheria ya kuamuru maji ya bwawa hili yapunguzwe? Ombeni kila ofisi ijibu kwa maandishi. Ikijibu kwamba si yenyewe, itaje ni nani. Ambatisheni picha na daftari. Ombeni pia ripoti ya mwisho ya ukaguzi, kiwango cha mafuriko ambacho bwawa linaweza kupitisha, kumbukumbu za kujaribu milango, na mpango wa dharura wenye ramani ya mahali maji yatafika. Mmiliki asiye na mpango wa dharura amejibu maswali mengi kwa mpigo.

Mtaambiwa kutengeneza ni gharama, na ni kweli. Mapato ya mtambo mdogo mara nyingi hayafiki hata robo ya gharama ya kulirekebisha tuta lililozeeka, ndiyo maana mabwawa haya huuzwa kwa watu wasio na uwezo wa kuyatunza. Lakini kuna hatua ya kwanza isiyo ya bei kubwa: kushusha maji. Mita mbili chini hupunguza msukumo, hupunguza uvujaji na huacha nafasi ya kupokea mafuriko. Ishushwe polepole, kwa kasi iliyopangwa na mhandisi, kwa sababu maji ya ziwa yakikimbia huku tuta bado limelowa, upande wake wa ndani unaweza kuporomoka. Wenye viwanja kando ya ziwa watapiga kelele kuhusu mandhari. Waache wapige.

Baada ya hapo kuna njia mbili, na sitajifanya moja ni bora kila mahali. Ya kwanza ni kutengeneza: kichujio na uzito wa mawe chini ya tuta, milango mipya, na njia pana zaidi ya kupitishia maji ya ziada, isiyotegemea mtu wala umeme. Ina maana ikiwa kuna atakayelipa na kutunza kwa miaka 50 ijayo. Ya pili ni kuliondoa bwawa. Kwa bwawa lisilozalisha kitu mimi huelekea huko, ila tope la miaka 90 lililolala ndani lazima lipimwe kwanza. Bwawa la Fort Edward kwenye mto Hudson lilipoondolewa mwaka 1973, tope lenye kemikali za viwandani lilisambaa mtoni na kuacha tatizo lililochukua miongo kulisafisha. Kitu nisichokubali ni njia ya tatu ambayo ndiyo mnayoishi nayo sasa: kulijaza maji na kuliacha.

Mhandisi wa mabwawa aitwe mapema, hata kama mambo yametulia. Mwenye shahada ya ujenzi wa majengo hatoshi. Mtake aliyewahi kushughulika na matuta ya udongo, na asiwe mwajiriwa wa mmiliki. Lakini kuna hali ambazo hamsubiri mhandisi. Maji yanayotoka chini yakigeuka ya tope. Yakibubujika kama chemchemi na kutapika mchanga. Mkiona maji ya ziwa yakizunguka na kuzama mahali pamoja. Shimo au mteremko mpya ukitokea kwenye tuta. Au maji yakikaribia kilele chake: pigeni simu ya dharura hapohapo na watu waanze kuondoka. Msiende kuangalia. Bwawa la Teton huko Idaho, ambalo lilikuwa kubwa na jipya kabisa, lilianza kuvuja maji ya tope asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limekatika. Ninyi mna tuta dogo zaidi, kwa hiyo msitegemee kupewa hata muda huo.

Miti: msiikate wenyewe. Mizizi ikioza ndani ya tuta huacha mianya, na mti mkubwa ukiangushwa na upepo hung'oa bonge la udongo. Vichaka vidogo mmiliki avifyeke sasa ili tuta lionekane. Miti mikubwa iondolewe kwa mpango wa mhandisi, na mashimo yajazwe na kushindiliwa.

Je, mhame? Kwa haya uliyoandika nisingekuambia uuze nyumba. Ningekuambia usilale bila mpango: wapi juu mtapanda kwa miguu, kutoka pembeni mwa bonde na si kwa barabara inayofuata mto, nani atawaamsha wazee, na mvua kubwa ikitabiriwa, wenye watoto wadogo na wagonjwa walale kwa jamaa walio mlimani. Ramani ya mafuriko ikipatikana, tafuta kwanza dakika ambazo maji yatachukua kufika kwenu. Kama ni chache kuliko muda wa kumtoa bibi kitandani na kumfikisha juu, basi jibu langu linabadilika: hameni kwa muda hadi maji yashushwe, na ile barua ipelekeni ofisini kwa mikono, mpate muhuri wa kupokelewa.